Hifadhi ya vipimo vya ATom: tathmini ya mwalimu wa Tabora baada ya muhula mmoja

Muhula uliopita nilifundisha mada ya gesijoto katika kidato cha tano hapa Tabora kwa kutumia vipimo halisi vilivyokusanywa na ndege ya utafiti, badala ya mchoro mmoja wa kitabuni ambao wanafunzi huukariri bila kujua ulitoka wapi. Naandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wenzangu wa Tabora na Kigoma, kwa kuwa wengi niliozungumza nao hawakujua kwamba vipimo vya namna hiyo vinapatikana bure. Kwa jumla naipa hifadhi hii ya vipimo vya ATom nyota nne kati ya tano.

ATom ni mradi wa NASA, shirika la anga la Marekani, ulioongozwa na Profesa Steven Wofsy wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kati ya mwaka 2016 na 2018, ndege aina ya DC-8 iliizunguka dunia mara nne, kila mara katika majira tofauti, ikielekea kusini juu ya Pasifiki na kurudi kaskazini juu ya Atlantiki. Haikukaa kwenye kimo kimoja kama ndege ya abiria, bali ilipanda na kushuka mfululizo, kutoka mita 200 hivi juu ya bahari hadi kilometa 12, na katika safari 48 ilipima angahewa kutoka chini hadi juu mara 548. Hapo ndipo ilipo thamani yake, kwa sababu kituo cha ardhini hupima hewa ya mahali kilipo tu, na setilaiti hukadiria jumla ya gesi katika nguzo nzima ya hewa, ilhali ndege huingia ndani ya tabaka lenyewe na kuivuta hewa yake.

Hewa hiyo hupitishwa katika chumba kidogo ambamo mwanga wa leza hurushwa huku na huku kati ya vioo. Molekuli za hewa ukaa na za methani hufyonza sehemu ya mwanga huo, na kutokana na kiasi kilichofyonzwa hujulikana zipo ngapi. Vyombo hupimwa tena angani kwa mitungi ya hewa ambayo kiwango chake kinajulikana, ili mabadiliko ya joto na kanieneo yasipotoshe matokeo. Kilichonifanya niyaamini matokeo hayo ni kwamba hewa ukaa ilipimwa na zaidi ya chombo kimoja katika ndege ileile, chupa za sampuli zikajazwa na kupelekwa maabara, na matokeo ya kila njia yamehifadhiwa, hivyo mwanafunzi anaweza kuyalinganisha mwenyewe.

Somo lililofanikiwa kuliko yote lilikuwa la kulinganisha safari za Agosti 2016 na zile za Januari na Februari 2017 katika maeneo ya kaskazini ya mbali. Katika majira yao ya joto hewa ukaa hupungua karibu na ardhi, kwa kuwa misitu inaivuta. Katika majira ya baridi hali hugeuka, ikawa nyingi chini kuliko juu. Wanafunzi walichora grafu hizo kwa mkono, na sikuhitaji tena kuwaeleza kwa maneno mengi kwamba mimea ya dunia hupumua kwa majira.

Somo la pili lilitugusa zaidi. Kila kiangazi miombo yetu huungua, na pepo za mashariki huchukua moshi wa Afrika ya kati na ya kusini hadi Atlantiki. Katika safari zilizopita karibu na kisiwa cha Ascension moshi wa aina hiyo ulinaswa, kaboni monoksaidi, gesi itokanayo na kuungua, ikipanda ghafla kilometa chache juu ya bahari. Niliwaonya wanafunzi wasiseme kwamba moshi ule ulitoka Sikonge au Kaliua, kwa maana vipimo hivi peke yake havithibitishi hivyo.

Kujiandikisha kwenye hifadhi hiyo mtandaoni hakuna malipo. Faili nyingi za chombo kimojakimoja ni za maandishi, na namba iliyo mwanzoni mwa mstari wa kwanza hutaja idadi ya mistari ya maelezo inayotangulia data. Mahali ambapo kipimo kilikosekana huandikwa namba kama -99999, ambayo ni lazima iondolewe kabla ya kukokotoa wastani wowote. Maelezo yote ni ya Kiingereza. Nashauri mtu aanze na faili la safari moja tu. Katika ukumbi mmoja wa intaneti mjini nilijaribu kupakua mkusanyiko mzima na ukakatika mara tatu, bando likaisha bure.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu njia ya ndege ilipita zaidi juu ya bahari, na bara letu limebaki pembeni. Kupima hewa kwa ndege kunawezekana hata huku kwetu: mwanzoni mwa mwaka 2019 ndege ya utafiti ya Uingereza aina ya BAe-146 ilipima methani juu ya ardhioevu za Zambia, ikiwemo Bangweulu, na watafiti wakakuta kwamba methani inayotoka huko ni nyingi kuliko mifumo mingi ya kompyuta ilivyokadiria. Sisi tunayo ardhioevu ya Malagarasi-Muyovosi, kwenye mto Malagarasi, iliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, yenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 32,500. Mwanafunzi wangu mmoja aliyekulia Uvinza aliniuliza mafunjo na matope ya huko hutoa methani kiasi gani wakati wa masika maji yanapofurika. Tuliipitia mizunguko yote minne ya ATom pamoja, na hakuna hata mmoja uliokaribia mto ule.