Paris wa 2016 au Paris wa 2023?

Filamu ya My Big Fat Greek Wedding ya 2002 iliwaoza Toula na Ian. Binti yao, Paris, tunakutana naye kwenye mwendelezo wa 2016 na wa 2023. Ukinibana nichague mmoja, nachukua ule wa 2016.

Hapo Paris ana miaka 17, yuko Chicago, na ukoo mzima wa Kigiriki uko mgongoni mwake. Babu Gus anamhimiza atafute mume Mgiriki, eti ameanza kuzeeka! Binti anatamani chuo cha mbali, New York, angalau apumue. Mvulana wake, Bennett, hapewi muda wa kutosha, maana harusi ya babu na bibi inameza filamu: kumbe padri hakuwahi kusaini cheti chao. Lakini ile presha ya kuolewa unaihisi.

Ya 2023 inawapeleka Ugiriki. Mandhari tamu, bahari tele. Aristotle, kijana ambaye Paris alimpotezea, anapenyezwa safarini na Voula, yule mwanamama wa ukoo asiyejua kuweka siri. Wazo zuri, ila linapitiwa juu juu. Wanaogusa zaidi ni Qamar, mkimbizi kutoka Syria, na mpenzi wake, Christos. Mwigizaji Elena Kampouris ndiye Paris kote kuwili, ila safari hii hana cha kupigania.