Kijiti cha kuhamishia mikanda ya video: kinafaa, ila shughuli iko kwenye deki

Mimi ni fundi cherehani, nipo Uyole, Mbeya, na mambo ya kompyuta si yangu. Ila tangu wateja waione harusi ya dada kwenye simu yangu, kila mmoja ana mkanda kabatini na anataka kujua nilifanyaje.

Nilinunua kijiti Mwanjelwa kwa shilingi 35,000, baada ya kubishana kutoka 50,000. Upande mmoja kina USB ya kuchomeka kwenye kompyuta, upande wa pili matundu matatu: la njano la picha, jekundu na jeupe ya sauti. Ni waya zilezile za deki tunazozijua. Boksi halina jina la kampuni la kueleweka. Ndani kuna CD ya programu, nayo usihangaike nayo, kompyuta mpakato ya mtoto wa dada haina hata pa kuitia. Alishusha OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi video, ikakitambua kijiti palepale.

Nianze na nilikoumia. Kabla ya kijiti nilipeleka mkanda kwenye studio moja mjini, jina naliacha. Nikalipa 15,000, nikarudishiwa harusi ya 1993 nyeusi na nyeupe, picha inapanda juu kama pazia linalovutwa. Wakaniambia, "Mama, mkanda wako umekufa." Nikakubali kwa shingo upande. Gauni za wasimamizi kwenye harusi ile nilizishona mimi, kazi yangu ya kwanza kubwa, zambarau, mabega ya puto. Zambarau ikiwa kijivu, nimeona nini sasa?

Usiku wa kwanza nyumbani tukapata kijivu kilekile. Kijana akachokonoa mipangilio, akacheka: "Ma'mdogo, mkanda haujafa. Hapa pamewekwa NTSC." Huo ulikuwa mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani, mistari 525 na karibu picha 30 kwa sekunde. Mikanda yetu huku ni PAL, mistari 625, picha 25. Akabadilisha neno moja tu, na zambarau yangu ikarudi. Mshono wa bega la kushoto umepinda, nimeuona kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo.

Sasa deki. Kijiti ni kazi ndogo, deki nzima ndiyo ya kutafuta kwa tochi. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa imebaki kuzitengeneza, iliacha 2016, kwa hiyo utakayoipata ni ya mtu. Yangu niliazima kwa jirani, ilikuwa imekaa chini ya kitambaa cha kudarizi. Kumbukeni Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Huyu jirani, mzee, alinunua televisheni kwa ajili ya deki, na watoto wa mtaa mzima walijaa sebuleni kwake. Tulipoiwasha ilitoa chenga tupu. Fundi redio akaifungua, akasafisha hedi, kile kinachosoma mkanda, kwa spiriti na kitambaa laini kisicho na vumbi. Pamba hakutaka hata kuiona, maana inaacha nyuzi. Hilo hakuhitaji kunieleza mara mbili. Akachukua 10,000.

Kasoro za kijiti zipo. Ukirekodi kwa muda mrefu sauti inaachana na picha. Kufika saa ya pili MC amefumba mdomo na maneno bado yanatoka. Tukawa tunarekodi vipande vya nusu saa. Pia kitu kikitembea, pembeni panatoka vimistari kama kitambaa kisichopigwa ovaloki. OBS ina sehemu ya kuondoa hiyo, ukibofya kulia kwenye picha, na ikaondoka karibu yote. Na muda hauna njia ya mkato: mkanda wa saa tatu unakula saa tatu, na umeme ukikatika katikati unarudi nyuma kuanza kipande upya. Mkanda mmoja uliotoka Tukuyu una unga mweupe kwenye utepe, ni kuvu, kwa mvua za kule sishangai. Huo sijauingiza. Kuvu ingechafua hedi, kisha ingehamia kwenye mikanda mingine. Uko kwenye mfuko wa peke yake.

Kitu ambacho boksi halikusema ni kwamba kijiti kinafaa hata kwa kaseti za redio. Toa waya kwenye tundu la spika za masikioni, ingiza kwenye jekundu na jeupe, acha la njano wazi. Tulirekodi kwa Audacity, programu ya sauti, nayo ya bure. Unaichagulia sehemu yenye mvumo mtupu, inajifunza mvumo huo na kuupunguza kote. Usikaze sana, sauti ya mtu inakuwa kama anaongea ndani ya ndoo.

Kaseti ilikuwa ya marehemu baba, ya 1988. Kile kisponji kinachobana utepe kilikuwa kimedondoka, tukahamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu. Baba anaanza na salamu ya Kinyakyusa, "Mugonile," na mama, aliyekuwa anachambua maharage, akamwitikia bila kuinua kichwa. Nyuma yake unasikia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Anaeleza mpaka wa shamba la migomba, mti hadi mti, kisha kwaya inaingia kati ya neno.

"Mbona mmemkata?" mama akauliza.

Hatukumkata sisi. Hakuna aliyekumbuka kuvunja vile vimeno viwili vya nyuma ya kaseti ili isirekodiwe tena, na mtu alirekodi juu yake. Kaka anasema si yeye, ila sauti ya tatu kwenye kwaya ile ni yake.