Autoruns kwenye laptopu ya mtumba: wiki tatu za kutoa tiki

Dakika 4 na sekunde 20. Nilipima kwa simu, tangu nilipobonyeza kitufe cha kuwasha mpaka Word ilipokubali kupokea herufi. Nilishazoea: nawasha laptopu, naenda kuchemsha chai, narudi na kikombe. Kusubiri ningevumilia. Kero yangu ni kwamba hata ikishawaka feni inaunguruma kama mashine ya kusaga na taa ya diski haitulii, wakati mimi sijafungua kitu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Laptopu ni ya mtumba: Windows 10, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Usiku natungia mitihani, mchana binti yangu anachezea gemu. Kijana mmoja wa steshenari aliitazama kidogo tu, akasema, "Madam, hii imechoka, tafuta nyingine." Kisha akaniwekea programu ya kusafisha kompyuta, akapokea elfu kumi yake. Mkumbukeni huyo msafishaji, tutakutana naye huko mbele.

Kabla ya Autoruns, programu inayoorodhesha kila kinachojiamsha pamoja na Windows, nilianza na kile ambacho kila Windows inacho. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka. Nikakuta programu 148 zinajiendesha, diski iko asilimia 100, RAM imeliwa GB 2.6. Kilichonitisha zaidi ni jina moja lililojirudia mara nyingi mno: svchost. Niliamini ni kirusi. Kumbe ni mbebaji tu. Huduma nyingi za Windows haziwezi kujiendesha peke yake, zinapandishwa ndani ya svchost kama abiria. Zamani abiria wengi walibanana kwenye gari moja, lakini tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017 linaloitwa 1703, kompyuta yenye RAM inayozidi GB 3.5 inampa karibu kila abiria gari lake, ili mmoja akiharibika asiwaangushe wenzake. Yangu ina 4, basi ndiyo foleni yenyewe. Sikuigusa.

Ukurasa wa Startup wa Task Manager ulinisaidia nusu. Nilizima vitu vinne, nikapata nafuu ya sekunde kadhaa. Ila hauonyeshi kazi zilizopangwa kwa ratiba, na huko ndiko wajanja wanakojificha.

Hapo ndipo Autoruns inapoingia. Ni ya bure, inatoka kwenye kurasa za Sysinternals za Microsoft, mkusanyiko wa zana ndogo za kuichunguza Windows. Walioianzisha Sysinternals ni Mark Russinovich na Bryce Cogswell, mwaka 1996, na Microsoft ikawanunua 2006. Faili ni MB chache, haihitaji kusakinishwa: unaifungua kutoka kwenye zipu, unabofya kitufe cha kulia, unaiendesha kama msimamizi. Ipakue huko huko kwa wenyewe, usiletewe na mtu kwenye flashi.

Mara ya kwanza nilipoifungua nilitaka kuifunga. Mistari mamia, kila mmoja na kisanduku chake cha tiki, herufi ndogo, hakuna hata neno moja la kukueleza kitu ni nini. Kilichoniokoa ni chaguo la kuficha vitu vya Microsoft vyenyewe, lipo kwenye menyu ya Options. Orodha ikanywea, nikabaki na mistari thelathini na kitu ninayoweza kuisoma na kikombe changu mkononi. Rangi nazo zina maana. Njano ni jina lililobaki huku faili lenyewe halipo tena. Waridi ni kitu ambacho mtengenezaji wake hajulikani. Waridi haimaanishi kirusi moja kwa moja, inamaanisha uliza kwanza. Ukibofya kulia kuna sehemu ya kutafuta jina hilo mtandaoni, na kuna chaguo la kulilinganisha na VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa antivairasi nyingi kwa pamoja.

Niliyoyakuta! Mwenye laptopu wa kwanza alikuwa na printa, na programu za printa hiyo bado zilikuwa zinaamka kila asubuhi kumtafuta bosi wao. Mabaki ya antivairasi yake, njano tupu. Programu ya mikutano ya video niliyoitumia mara moja kwenye semina. Na yule msafishaji wa elfu kumi: ana mstari kwenye Logon (ukurasa wa vinavyoamka unapoingia), ana huduma yake, na ana kazi ya ratiba ambayo nilipoifuatilia kwenye Task Scheduler nikakuta inaamka kila saa. Aliyelipwa kupunguza mzigo alikuwa amejipakia mara tatu. Huyo sikumtolea tiki, nilimwondoa kabisa kupitia mipangilio ya Windows.

Kutoa tiki ndiyo raha ya chombo hiki. Hufuti chochote, unazuia tu kisiamke siku ya pili, na ukijuta unairudisha. Mimi nilijuta. Nilitoa tiki kwenye programu ndogo ya tachipadi kwa sababu jina lake lilikuwa kama namba ya gari, nikawasha upya, na kuteremsha ukurasa kwa vidole viwili kukagoma. Nikarudisha tiki, ikakaa sawa. Ningekuwa nimebofya Delete, mstari ungeondoka moja kwa moja na hakuna pa kuurudishia. Kwa hiyo Delete iacheni, hata kwenye njano msiwe na haraka.

Matokeo baada ya wiki ya kwanza: dakika 2 na sekunde 35 mpaka Word, programu 111, RAM GB 2.0 ikiwa imetulia. Siyo muujiza. Diski ya kuzunguka ni diski ya kuzunguka, na anayeweza kununua SSD, diski isiyozunguka, ataona tofauti kubwa kuliko tiki zote nilizotoa. Ila mimi sikutoa hata shilingi, na feni sasa inanyamaza.

Mapungufu yapo. Kiingereza kitupu. Haikuambii kipi ni kizito na kipi ni chepesi, hilo inabidi urudi Task Manager kulitazama. Ukitoa tiki, programu iliyokwisha kuamka inaendelea mpaka uwashe upya, nami siku ya kwanza nilidhani haifanyi kazi. Kisha baadhi ya programu zikijisasisha hujirudishia nafasi zao bila aibu. Haigusi pia mipangilio ya ndani ya kivinjari: Chrome yangu ilikuwa inaendelea kuishi baada ya kufungwa, hilo nililizimia kwenye mipangilio ya Chrome yenyewe. Bando nalo halimo kwenye kazi yake. Nilichofanya ni kuiambia Windows kwamba intaneti ya simu yangu inapimwa (metered), ili isipakue ovyo, na kuzima ile huduma inayoweza kugawa masasisho yako kwa kompyuta za watu wengine. Yaani nilikuwa nanunua bando, Windows inafanya ukarimu.

Sijagusa ulinzi wa Windows, ingawa ile huduma yake ya kukagua inakula diski kweli kweli kila ninapochomeka flashi ya shule. Flashi za shule zetu mnazijua. Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa kuhudumiwa 14 Oktoba 2025, hivyo kumwondoa mlinzi ningekuwa najitafutia.

Nampa Autoruns nne kwa tano. Kwa mtu mwenye kompyuta mpya ya SSD, Task Manager inatosha, asijisumbue. Kwa mwenye mtumba uliopita mikono ya watu, ni dawa, ilimradi awe na subira ya jioni mbili na aandike kwenye karatasi kila anachozima. Mimi niliandika nyuma ya karatasi ya majibu.

Kitu kimoja sikukitegemea. Unaweza kuhifadhi orodha ya leo, ukailinganisha na ya siku nyingine, na kila kipya kinatokea kwa kijani. Nilifanya hivyo jana. Vipya vitatu, viwili vya gemu. Nimemuuliza binti yangu, kasema hajui vimeingiaje. Nimetoa tiki.