SSD au hadidiski? Mwongozo wa kununua diski ya laptopu, kuanzia ya kwanza mpaka ya kuikimbia

Kama laptopu yako ukiiwasha unapata muda wa kwenda kubandika chai, ukarudi, ukakuta kale kaduara bado kanazunguka, usikimbilie kuiuza. Na usikimbilie kuongeza RAM pia, maana hilo ndo jibu la haraka la watu wengi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikifunguka angalia palipoandikwa Disk. Kama imekaa 100% na wewe hata hujafungua kitu, ugonjwa karibu kila mara uko kwenye hadidiski na dawa yake ni SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kinachozunguka. Kwenye mambo ya laptopu hii ndo pesa ambayo mi namwambia mtu aitoe bila kuwaza mara mbili.

Mdogo wangu wa kike alikuja kwangu na HP EliteBook 840 G1 ya mtumba, zimebaki siku mbili akabidhi risachi yake ya mwaka wa tatu. Nikashika simu nikapima, tangu kubonyeza kitufe cha kuwasha mpaka Word ikubali kuandika herufi ya kwanza: dakika 6 na ushee. Ile laptopu ina mfuniko wa chini wa kusukuma tu kitasa, unafunguka wote, kwahiyo haikuwa kazi, tukatoa hadidiski tukachomeka SSD ya GB 240, tukapiga Windows upya. Nikapima tena, sekunde 31. RAM ile ile GB 4, prosesa ile ile. Akawa ananiuliza kaka umebadilisha na nini kingine, nikamwambia hamna, ni diski tu.

Sababu yake ni rahisi ukishaielewa. Hadidiski ndani ina sahani zinazozunguka, kwa laptopu nyingi mara 5400 kwa dakika, na kuna mkono unaokimbia huku na huku juu ya sahani kutafuta data, kama santuri za zamani ila huu haugusi sahani. Sasa Windows inapowaka inasoma mafaili madogo madogo maelfu kwa maelfu yaliyotawanyika kila kona, na mkono unalazimika kuyafuata moja moja. Kwa namna hiyo hadidiski ya laptopu inaweza kujibu maombi kama mia hivi kwa sekunde, haizidi sana hapo. SSD haina kinachozunguka, ni chipu tupu, inajibu makumi ya maelfu kwa sekunde. Ndo maana ile namba ya spidi iliyoandikwa kwenye boksi, MB 550 sijui MB 3500, sio inayokufanya usikie tofauti. Unachokisikia ni hicho cha mkono kutokuwepo.

Halafu kuna maisha yetu yenyewe. Laptopu inapanda bodaboda, inabanwa kwenye daladala, inaangushwa kitandani ikiwa inawaka, umeme unakatika na betri yake ilishakufa zamani. Hadidiski ikipigwa wakati inazunguka, ule mkono unaweza kugusa sahani na hapo ndo unaanza kusikia tik, tik, tik. SSD kwa mtikisiko haina shida kabisa. Kwenye betri utaongeza kidogo tu, usitarajie miujiza.

Kabla ya kutoa hela, jua laptopu yako inapokea nini. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wananunua kitu kizuri ambacho hakiingii. Gugo modeli kamili iliyoandikwa chini ya laptopu, au bora zaidi ifungue uone kwa macho. Mashine za 2010 mpaka 2015 hivi, ThinkPad T440, Latitude E6440, hizo EliteBook G1 na G2, zina nafasi ya diski ya inchi 2.5. Za baadaye zina tundu la M.2, la kuchomeka kale kakadi kembamba kama ubao wa pipi. MacBook Pro ya inchi 13 ya katikati ya 2012 inapokea ya inchi 2.5 vizuri tu (ila ule utepe wake wa SATA, mfumo wa kuunganisha diski na bodi, hufa sana, ukiweka SSD mpya ikawa inastaki shuku utepe kwanza), lakini MacBook zenye chipu ya M1 kuja juu diski imechomelewa kwenye bodi, hapo hamna cha kubadilisha. Na vile vilaptopu vidogo vya bei rahisi vyenye eMMC, chipu ndogo ya kuhifadhia, ya GB 32 navyo vimechomelewa, vingine vina tundu la ziada, vingine havina.

Sasa tupange.

Ya kwanza: SSD ya SATA ya inchi 2.5

Kwa mtu mwenye laptopu ya mtumba, na wengi wetu ndo tuko hapo, hii ndo namba moja na sioni ya kuipiku. Inaingia pale pale ilipotoka hadidiski, plagi ile ile, skrubu zile zile. Spidi yake inaishia kwenye MB 550 kwa sekunde kwa sababu SATA yenyewe ndo mwisho wake, na kama mashine yako ni ya zamani zaidi yenye SATA ya kizazi cha pili utapata kama nusu ya hapo, usijali, bado utaona umepewa laptopu nyingine.

Kwa majina, ukipata Samsung 870 EVO umemaliza, ina waranti ya miaka 5 na ile ya GB 500 kampuni inaidhamini mpaka uandike TB 300. Crucial MX500 nayo iko daraja hilo hilo, zote mbili zina chipu ya DRAM ndani inayosaidia diski isichoke ukiibebesha kazi nzito. Chini yake kuna Kingston A400, Crucial BX500 na WD Green, hizi hazina DRAM ila kwa Word, Excel, Chrome na muvi zinatosha kabisa na ndo utakazozikuta madukani kila siku. Watu wanaogopa eti SSD inaisha. Piga hesabu: A400 ya GB 240 inadhaminiwa TB 80 za kuandika. Ukiandika GB 20 kila siku, na mtumiaji wa kawaida hafiki huko, kwa mwaka ni kama TB 7.3, yaani una miaka kumi na kitu. Laptopu itakufa bawaba na kibodi kabla ya hapo.

Ukubwa: GB 240 ndo mwanzo, ile ya GB 120 achana nayo, Windows na programu chache tu imejaa na SSD ikijaa inakuwa nzito. Mi napendekeza 480 au 500 kama mfuko unaruhusu. Na ukishaiweka ukaona GB 240 inasoma 223 usirudi dukani kugombana, ni namna tu ya kuhesabu, kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024.

Kitu kimoja cha mkononi: SSD nyingi zina unene wa milimita 7, hadidiski nyingi za zamani ni 9.5. Kama inacheza ndani ya nafasi yake usiiache ikining'inia kwenye plagi, bandika kipande cha plastiki au katoni gumu ikae imara.

Ya pili: NVMe ya M.2

Kama laptopu yako ina tundu la NVMe, mfumo mpya zaidi na wa kasi kuliko SATA, basi kwako hii inapanda kuwa ya kwanza, kwa sababu bei yake mara nyingi inalingana au kukaribiana na ya SATA, hakuna haja ya kujinyima. EliteBook 840 G3 inapokea, ThinkPad T480 inapokea. Ila sikiliza, usilipe zaidi kwa ajili ya namba. Ya kizazi cha tatu inafika MB 3500 kwa sekunde, ya kizazi cha nne inafika MB 7000, na ukiwa unaandika barua na kufungua tabo ishirini hutaona tofauti baina yao. Laptopu yenye tundu la kizazi cha tatu ukiichomekea ya kizazi cha nne itafanya kazi, ila kwa spidi ya tatu, umelipia usichokitumia. Wanaoedit video na kuhamisha mafaili makubwa kila siku, hao sawa, watafute nzuri kama Samsung 970 EVO Plus au WD Blue SN580.

Angalia pia urefu. Iliyoandikwa 2280 ina upana wa milimita 22 na urefu wa 80, kuna 2242 na 2230 fupi zaidi, na tundu fupi halipokei ndefu hata ubembeleze vipi.

Ya tatu: M.2 ya SATA

Hii inafanana na NVMe kwa sura na ndo inayowachanganya watu. Spidi yake ni ya SATA tu. Inunue kama tundu la laptopu yako halisomi NVMe, basi. Kwa kawaida ya SATA ina mikato miwili kwenye meno na NVMe ina mmoja, lakini usitegemee mikato peke yake, soma lebo, imeandikwa.

Ya nne: SSD ndogo pamoja na hadidiski yako ya zamani

Hii mi naipenda sana kwa mwenye muvi nyingi, picha nyingi na hela kidogo. Laptopu yenye nafasi ya DVD, nani bado anatumia DVD? Itoe, weka kedi (fremu ya kubebea diski inayoingia nafasi ya DVD), ndani ya kedi weka hadidiski ya zamani, na SSD ya GB 240 ikae nafasi kuu ibebe Windows na programu. Kama haina DVD, nunua kava ya USB, hadidiski inageuka kuwa eksteno.

Na hapa niseme jambo ambalo wauza SSD hawalisemi. Hadidiski sio takataka. Kwa kutunza picha za familia bado naiamini, maana inapoanza kufa mara nyingi inakupa dalili, inatoa sauti, inakuwa nzito, unapata muda wa kuokoa vitu. SSD ikifa inaweza kufa kimya, jioni ilikuwa nzima asubuhi haionekani hata kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka. Ukifuta faili kwenye SSD kwa bahati mbaya nalo kulirudisha ni ngumu, mfumo unasafisha pale pale. Na SSD ikikaa kabatini muda mrefu bila umeme data yake inaweza kupotea taratibu. Kwahiyo SSD ni ya kufanyia kazi, na vitu vyako vya thamani viwe sehemu mbili, siku zote.

Ya tano: hadidiski mpya ndani ya laptopu

Labda kama unahitaji TB 2 ndani ya mashine na hela hamna. Vinginevyo hapana.

Za kuzikimbia

SSD isiyo na jina yenye TB 2 kwa bei ya GB 256. Jirani yangu aliletewa moja, kaweka video za send-off ya binti yake, za mwanzo zinafunguka, za baadaye zote zimeharibika. Tuliifungua ile kava mezani kwangu. Ndani kulikuwa na kibao kidogo, kadi ya kumbukumbu kama ya simu imechomekwa juu yake, na bonge la chuma limebandikwa kwa gundi ili ukiishika uhisi uzito. Chipu yake ilikuwa imedanganywa iiambie kompyuta kwamba ina TB 2, na kila kilichozidi ule ukubwa wake halisi kilikuwa kinaandikwa juu ya kingine. Zile video hazikurudi. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw kwa Windows, na F3 kwa Linux na Mac, zinaijaza diski yote kisha zinasoma upya kuhakikisha, iendeshe kabla hujaweka chochote cha maana.

Na tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani kote kwa sababu vituo vya data vya akili bandia vinazigombania, kwahiyo ukikuta mtu anauza kwa bei iliyoanguka kupita wote, jiulize.

Kuhusu kuhamisha: kama Windows yako ni safi unaweza kuikloni kwa Clonezilla, ni ya bure, unahitaji tu waya wa USB kwenda SATA, na zima BitLocker (ile kufuli ya Windows inayosimba diski) kwanza kama imewashwa. Kama mashine imejaa vurugu za miaka, piga upya, Windows 10 na 11 leseni yake ya kidijitali imeshikamana na bodi sio na diski, itajitambua yenyewe ukiingia mtandaoni. Mwambie fundi asikuwekee programu ya kudefragi (kupanga upya mafaili yaliyotawanyika), SSD haihitaji. Acha kama asilimia 15 wazi.

Za mtumba zipo na nyingine ni nzima kabisa, hasa zilizotoka kwenye laptopu za maofisi. Ila usiichukue kwa maneno. Ukiwa bado dukani mwombe muuzaji aichomeke, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma hali ya diski, soma Health (afya) na Power On Hours (saa ilizowaka). Ikiwa 98% na saa 1200, zungumza bei. Ukiambiwa ni mpya na inasoma saa 9000, hiyo imewaka zaidi ya mwaka mzima bila kuzimwa, mrudishie wakati hela bado iko mfukoni mwako.