Databesi ya kuweka ndani ya apu ya simu: ipi uchukue, ipi uipite

Wakuu, kila mara kuna mtu ananitumia meseji kwamba anatengeneza apu, anataka databesi ya bure ya kukaa ndani ya simu, ahifadhi objekti zake (vitu vya ndani ya programu, mfano mteja au deni) moja kwa moja bila kuhangaika na SQL (lugha ya kuongea na databesi za majedwali), sasa achukue ipi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja afu nitakuwa natuma linki tu.

Kwanza tuelewane kwenye hilo neno bure. Zote hizi kuanza nazo hulipi hata mia, ila bei utailipa kwingine: utailipa kwenye ukubwa wa apu wakati mteja wako ana simu ya GB 16 imejaa video za harusi, na utailipa usiku unahamisha data za watu kwa sababu mwenye laibrari (programu ya mtu mwingine uliyoiweka ndani ya apu yako) kafunga duka. Kwahiyo mimi sipangi kwa kasi, maana apu yenye rekodi elfu tano sita mtumiaji hiyo tofauti wala haioni. Napanga kwa swali moja, miaka mitano ijayo nani atakuwa bado anaitunza?

Namba moja ni SQLite, na najua mtanirushia mawe kwa sababu hata sio databesi ya objekti. Lakini sikilizeni. Ipo tangu mwaka 2000, haina laiseni ya kukusumbua kabisa, iko ndani ya kila Android na kila iPhone, na wenyewe wameahidi kuitunza mpaka 2050. Sio lazima uandike SQL tupu siku nzima, kwenye Android unaweka Room ya Google juu yake, kwenye Flutter (zana ya Google ya kutengeneza apu za Android na iPhone kwa pamoja) unaweka Drift (zamani iliitwa Moor, ambayo ni Room ukiisoma kinyumenyume, jamaa wana utani), unaandika klasi zako (michoro ya objekti) na kazi ya kugeuza jedwali kuwa objekti inafanyika yenyewe. Kero ni moja, uhusiano. Mteja ana madeni, deni lina malipo, hapo utajoini (kuunganisha majedwali) mpaka uchoke. Bado naiweka juu.

Namba mbili ObjectBox. Hii ndo objekti yenyewe sasa, unaweka alama ya Entity kwenye klasi, unaita put, basi, mteja ukimshika unaita madeni yake kama orodha ya kawaida. Iko kwa lugha za Java, Kotlin, Swift na Dart, na tangu 2024 ina utafutaji wa vekta (kutafuta kwa maana inayofanana, sio neno kwa neno) kwa wale wanaotaka mambo ya AI ndani ya simu. Ninachoipendea zaidi ni kwamba ukiongeza fildi mpya (sehemu ya taarifa, mfano namba ya simu) haikuombi migresheni (maelekezo ya kuhamisha data za zamani kwenda muundo mpya). Mimi niliwahi kuongeza fildi moja tu kwenye apu ya mwenye duka, kwenye databesi nyingine, nikasahau kuandika migresheni, nikatuma apdeti Ijumaa jioni nikaenda zangu harusini, aisee simu zilianza kuita hata pilau halijafika mezani, apu inafunguka inajifunga, inafunguka inajifunga. Kosa langu mwenyewe lile. Ila hata ObjectBox ukibadilisha jina la fildi bila kuipa UID (namba yake ya utambulisho) inaona umefuta ya zamani umeleta mpya, na data ya zamani imekwenda. Na msidanganywe, open source pale ni zile sehemu za juu za lugha, injini yenyewe imefungwa, na huduma ya kusinki (kuoanisha data za simu na seva) ni ya kulipia.

Namba tatu Realm, na hapa inaniuma kidogo. Kwa utamu wa kazi ingekuwa ya kwanza. Objekti zake zinaishi, yani haikopi rekodi nzima kwenye memori, inasoma ile fildi uliyoiomba tu moja kwa moja kwenye faili, na data ikibadilika orodha kwenye skrini inajua yenyewe. Injini na kila kitu viko wazi kwa laiseni ya Apache. Shida ni historia. MongoDB waliinunua 2019 kwa dola milioni 39, wakaifunga na kusinki kwao kwa Atlas (huduma yao ya databesi ya mtandaoni), afu Septemba 2024 wakatangaza wanaachana nayo, na ilipofika 30 Septemba 2025 kusinki kukazimwa. Kodi bado ipo (sio ile ya TRA), unaweza kuichukua bure, lakini kuwa wazi na kuwa na mtu wa kuitunza ni vitu viwili. Na hii sio nadharia, tangu Novemba 2025 Play Store inataka apu zinazolenga Android 15 kwenda juu zikubali peji za memori (vipande ambavyo simu inagawia memori) za KB 16, kwahiyo laibrari yoyote yenye sehemu ya C++ lazima mtu akae aijenge upya. Kama mtu huyo hayupo, mtu huyo ni wewe.

Isar na Hive za Flutter naziweka nne. Aliyeziandika ni mmoja, zilipendwa kweli, afu zikatulia. Sasa hivi kuna matoleo ya jamii, isar_community na hive_ce, ukizitaka chukua hizo usichukue za asili. Hive kwa mipangilio na vitu vidogo iko poa, kwa mauzo ya duka zima hapana.

db4o ukiikuta kwenye mafunzo ya zamani ya Java ipite tu. Nayo ilinunuliwa, 2008, na Versant, na sasa hivi hakuna anayeitunza.

Wenye apu iliyoko Realm tayari, msikurupuke kufuta. Wekeni toleo moja lenye databesi zote mbili, mtu akifungua mara ya kwanza linakopi kila kitu kwenda kwenye mpya, linahesabu rekodi pande zote, zikilingana ndo linaanza kutumia mpya, na faili la zamani mliache hapo hapo miezi miwili mitatu. Na mjaribu kwenye simu ya bei chee iliyojaa, sio kwenye emuleta (simu ya kuigiza) ya laptopu yako yenye RAM GB 16.