Upanga wa laki nane na nusu: mwaka mmoja na katana yangu hapa Mtwara

Mimi ni fundi wa springi za malori, karakana yangu iko Magomeni, Mtwara mjini. Msimu wa korosho ukifika, malori yanayoteremka kutoka Newala na Tandahimba yananijazia uwanja, na mimi nashinda na moto, nyundo na tupa. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ninautazama upanga kwa jicho gani. Karate nilianza nikiwa na miaka 14, na hamu ya kushika katana, upanga wa Kijapani, ni ya tangu wakati huo. Nilitaka upanga wa kukatia, wa kufanyia tameshigiri, yaani mazoezi ya kukata mkeka uliokunjwa. Kama ungependeza ukutani, hilo lingekuwa la ziada.

Niliagiza mtandaoni. Umefuliwa kwa mkono Longquan, mji wa jimbo la Zhejiang, China, ambako panga nyingi za mtindo wa Kijapani zinazouzwa duniani ndiko zinakotoka. Kabla ya kulipa nilikwenda kituo cha polisi kuuliza, na wewe fanya hivyo kabla hela haijatoka mfukoni. Wiki saba baadaye mzigo ukafika Dar, ukapanda basi, nikaupokea stendi ukiwa ndani ya boksi refu la mbao. Kwa jumla, pamoja na usafiri na ushuru, nimetoa shilingi 850,000.

Bapa lina sentimita 71, mpini 27, na bila ala upanga una kilo moja na gramu mia na kitu. Mgongoni una unene wa milimita 7. Chuma ni cha aina ya 1095, chenye kaboni karibu asilimia 0.95. Muuzaji alikuwa na wa bei ya juu zaidi, chuma "kilichokunjwa mara nyingi", wenye mistari kama ya ubao. Sikuutaka. Wahunzi wa Japani walikunja chuma kwa sababu chuma chao kilitoka tanuruni kikiwa hakijalingana, huku kigumu kule laini, na kukikunja kulikisawazisha. Chuma cha kiwandani cha leo kimeshasawazishwa tayari. Kwa mtu wa kukata, ile mistari ni urembo, na kila mkunjo ambao haukushikana vizuri ni ufa unaokusubiri.

Siku hiyo hiyo niliufungua mpini. Mpini unashikiliwa na vijiti viwili vya mwanzi vinavyopita katikati yake na kutoboa mkia wa chuma ulioko ndani. Wajapani wanaviita mekugi. Cha kwanza nilikigonga kwa nyundo ndogo kikatoka kwa ubishi, kama inavyotakiwa. Cha pili kilidondoka chenyewe nilipouinua upanga. Mwili ulinisisimka. Vijiti hivyo ndivyo vinavyolizuia bapa lisichomoke na kuruka pale unapolizungusha kwa nguvu zako zote, na watoto wa dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, wamesimama pembeni wanakutazama.

Nilimwandikia muuzaji, nikatuma na picha. Baada ya siku nne alijibu kwa kuomba radhi na kunirudishia dola tano. Dola tano sikuziomba. Nilitaka kujua nani alikikagua kile kijiti kabla boksi halijafungwa, na hilo sijajibiwa hadi leo. Nimetengeneza vingine mwenyewe kwa mwanzi mkavu niliouchomoa kwenye dari ya jiko la mama, mwanzi uliokaa juu ya moshi wa kuni miaka na miaka. Mwanzi wa namna hiyo, uliokolea moshi, ndio hata mafundi wa Japani wanaoupenda kwa kazi hii, kwa sababu ni mgumu na haunyonyi unyevu ovyo. Umekaa kimya mahali pake tangu hapo.

Kilichonifurahisha ni ule mkia. Panga za bei ya chini huwa na nondo nyembamba iliyochomelewa kwenye bapa kisha ikafichwa ndani ya mpini, na siku ikikatika inamkata aliyeushika au jirani yake. Huu ni chuma kimoja kutoka ncha mpaka mwisho, mpana, una alama za tupa, umeingia karibu mpini mzima. Kwa hilo peke yake nampa fundi heshima yake.

Ngozi ya mpinini ni habari nyingine. Tangazo lilisema mpini umezungushiwa ngozi ya samaki taa. Baba yangu alikuwa mvuvi Mikindani, taa nimewachuna tangu mdogo, nazijua zile punje za mgongoni zinavyokwaruza kiganja. Ngozi ni ya kweli, punje kubwa na ndogo zimechanganyika, plastiki haiwi hivyo. Lakini haikuzungushwa. Ni vipande viwili vyembamba, kimoja kila upande, na pembeni ni mbao tupu chini ya kamba. Ngozi nzima inaukaza mpini usipasuke, vipande viwili haviukazi. Aliyeandika tangazo lile alijua anachokificha.

Sasa nije kwenye chuma chenyewe. Mjomba wangu alikuwa mhunzi Newala enzi za mivukuto ya ngozi ya mbuzi, alifua majembe na mashoka, na mimi nyundo nimeishika kwake. Alipokuja mjini kuwaona wajukuu nikampeleka karakana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Haya, kilete hicho chuma chako."

Aliugeuza chini ya taa polepole. Pembeni mwa makali unapita mstari wa mawimbi, weupe wa ukungu, unaoitwa hamoni. Hakuniuliza ni nini. Aliomba tupa nyembamba, akaigusisha karibu na kola ya shaba inayolivaa bapa mbele ya mpini, pale ambapo makali hayajanolewa. Tupa iliteleza kama imepita juu ya kioo. Akaigusisha mgongoni, ikang'ata, ikaacha unga mdogo wa chuma kwenye kidole chake.

"Aliyekifua hiki alijua kuuficha mgongo usione maji," akasema. "Sisi tulikuwa tunachovya makali peke yake."

Ndivyo ilivyo. Kabla ya kutia upanga majini, fundi anaupaka udongo, mzito mgongoni na mwepesi sana kwenye makali. Ukizama, makali yanapoa kwa ghafla yanakuwa magumu, mgongo unapoa taratibu unabaki na ulaini wa kupokea kishindo. Hamoni ni mpaka wa vitu hivyo viwili. Hata ule mpindo wa katana unaongezeka pale pale majini, kwa sababu chuma kinachogeuka kigumu kinavimba kidogo na kuusukuma mgongo nyuma. Wapo wanaochora mstari huo kwa asidi au brashi ya waya ili kumlaghai mnunuzi. Kwenye huu wangu, ukiuinamisha chini ya balbu, unaona chembe ndogo zinazometa ndani ya ukungu. Dawa ya kuchorea haitoi chembe hizo.

Kukata, basi. Japani wanakunja sehemu ya juu ya tatami, mkeka wao wa nyasi, wanailoweka, wanaisimamisha kwenye kigingi. Mimi natumia mikeka ya ukindu iliyochakaa, ambayo mke wangu na majirani wananiwekea. Nakunja mmoja, nafunga kwa kamba sehemu tatu, nalaza ndani ya pipa la maji usiku kucha, asubuhi nauacha uchuruzike. Ukindu ni mgumu kuliko nyasi za tatami na mishono ya mkeka inashika, kwa hiyo usianze nao. Anza na mgomba uliokwisha kuzaa, lakini futa bapa papo hapo, maana utomvu wake unaacha doa jeusi kwenye chuma kama unavyoharibu shati.

Pigo langu la kwanza kwenye mkeka liliishia katikati. Upanga ulikwama na mkono ukanifia ganzi. Pembe ya bapa haikufuata njia ya pigo, kosa langu. Nilitazama kwa jicho moja kutoka mpinini mpaka nchani, nikiogopa limepinda, kwa sababu upanga wenye mgongo laini ukipigwa vibaya hupinda badala ya kuvunjika. Lilikuwa limenyooka. Pigo la nne lilipita. Halikutoa kelele yoyote, kipande cha juu kilikaa pale pale kidogo halafu kikateleza chini, na mkato ulikuwa laini kana kwamba mkeka ulisukwa hivyo. Tangu siku hiyo nimekata mikeka zaidi ya thelathini, na makali nimeyagusa kwa jiwe mara mbili tu.

Adui wa upanga huu kwetu ni hewa. Nyumba yangu iko Shangani, bahari unaisikia usiku. Kaskazi ikivuma na mvua za Desemba zikianza, vidoa vya kutu kama punje za mtama vinatokea ndani ya siku kumi. Maelekezo yaliyokuja na boksi yanasema paka mafuta kila baada ya miezi miwili. Huku ni kila wiki. Mafuta ya asili ya kazi hii yananukia karafuu, nami nachanganya mafuta mepesi ya cherehani na matone machache ya mafuta ya karafuu ya Pemba. Futa ya zamani kwanza, paka mapya membamba sana, na kidole kisiguse chuma, jasho linaandika. Januari ala ilivimba kwa unyevu, upanga ukagoma kutoka. Sikuulazimisha, niliuweka kwenye feni siku mbili ukaachia wenyewe.

Anayekusanya panga kama hazina, huu si wake. Katana ya Japani halisi inafuliwa na mhunzi mwenye leseni, kwa idadi inayodhibitiwa na sheria, kwa chuma cha tamahagane kinachoyeyushwa kwa mchanga wa chuma na mkaa huko Shimane, moto ukiwaka siku tatu mchana na usiku. Zile za kale zilizobaki baada ya amri ya 1876 iliyowakataza samurai kutembea na panga zina hati zake na bei zake. Huu wangu hautapanda thamani. Nikiuuza kesho sidhani nitapata nusu.

Kwa kukata, nampa fundi wa chuma alama 9 kati ya 10. Aliyefunga mpini nampa 4, na sizidishi. Nimemwagiza mchongaji mmoja hapa mjini kishikilio cha mpingo, upanga ukae makali yakitazama juu, na ameniambia nipitie Ijumaa. Mikeka miwili iko pipani tangu jana.