TAHADHARI: Anayeuza seti za meli ya Vasa kwa WhatsApp, msimtumie pesa

Ndugu zangu mnaounda modeli za meli za mbao, kuna mtu anazungukia wateja wa Mombasa na Nairobi akiwauzia seti za vipande vya kuunda Vasa, ile manowari ya matanga ya Sweden. Ni tapeli. Jina la duka lake silitaji kwa sababu halidumu. Leo hili, kesho lingine. Mtamjua kwa picha zake na kwa namna anavyodai pesa.

Picha anayotuma inavutia kweli. Meli ina nakshi za dhahabu na wekundu mkali, na sanamu za shetri, yaani nyuma ya meli, zinaonekana mpaka nyuso. Hakuna seti ya mezani inayotoa kazi hiyo. Ile ni modeli ya 1:10, yaani sehemu moja ya kumi ya meli halisi, iliyomo ndani ya makumbusho ya Vasa, Stockholm, ndefu karibu mita 7. Ikuzeni picha mtazame kando: ule ubavu mweusi unaoonekana nyuma ni Vasa yenyewe, iliyozama tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza na kuopolewa mwaka 1961.

Kisha muulizeni vipimo. Anadai seti yake ni ya 1:75 na ikikamilika ina urefu wa sentimita 60. Vasa ina mita 69, pamoja na mlingoti ule unaochomoza mbele ya omo, pua ya meli. Gawanya kwa 75, inakuja sentimita 92. Meli ya sentimita 60 iko karibu na 1:115, kwa hiyo mizinga na ngazi alizonakili kutoka seti ya kiwanda ya 1:75 hazitaoana na sitaha zake.

Na ni nakala kweli. Mzigo niliopokea ulikuwa na ramani za fotokopi, pale penye nembo ya kiwanda pamefutwa pakabaki doa la kijivu. Mkuku, uti wa mgongo wa meli, ni plaiwudi ya milimita 4, lakini mataruma, yaani mbavu zinazoupanda, yamekatwa nafasi ya milimita 5, kwa hiyo kila taruma linacheza. Ukiligundisha hivyo linakaa upande, na mbao za ubavuni hazilali tena. Zinapanda na kushuka kama mawimbi, na msasa hauwezi kuficha hilo. Simba wa omo, pambo lenye fahari kuliko yote kwenye meli ile, ni kidonge cha plastiki kisicho na macho wala manyoya. Vasa ilibeba mizinga 64, na 48 kati yake ilikuwa mikubwa, ya kurusha tufe la ratili 24. Mfukoni mwa seti hiyo mlikuwa na 40, yote saizi moja.

Hata huo mzigo wengine hawakuupata. Ukishalipa, anakuja na habari ya "ushuru wa forodha" na kutaka utume nyongeza kwenye namba ya M-Pesa yenye jina la mtu mwingine kabisa. Msitume! Ushuru una stakabadhi ya serikali, hauingii kwenye simu ya mtu binafsi.

Anayetaka Vasa ya 1:75 atafute ya Billing Boats wa Denmark au Corel wa Italia. Bei yake inauma, lakini mataruma yanakaa.

Kama mtu ameshawaanza na bei ya nusu, mwambieni atandaze bamba la mkuku, aweke rula juu yake, apige picha hapo hapo. Mimi nilipomwomba hivyo kabla ya mwenzangu mmoja kulipa, alinifungia namba. Na nyinyi mliokwisha lipa, msifute mazungumzo wala ujumbe wa malipo. Pigieni Safaricom leo kabla pesa hazijatolewa, kisha mwandikishe taarifa polisi kwa namba ile ile aliyopokelea. Tukiwa wengi kwenye namba moja, ni vigumu kutupuuza.